Shajara na kuachilia

Kuachilia kwa njia ya shajara ni desturi ya kuandika kwa faragha, mara kwa mara, kuhusu jambo ambalo mtu anataka kulitua moyoni: msiba, ndoa iliyovunjika, kazi iliyopotea, kinyongo cha miaka mingi, au lengo ambalo halitafikiwa tena. Siku hizi jambo hili hutajwa sana katika vitabu vya ushauri nasaha na hufanyiwa utafiti na wanasaikolojia. Hata hivyo historia ya Afrika Mashariki ina shajara mbili zinazolieleza vizuri kuliko vitabu vingi vya ushauri. Zote mbili zinahusiana na Tabora na njia ya zamani ya misafara. Moja ni ya mtu aliyeandika kila siku na hakuweza kuachilia. Nyingine ni ya mtu aliyeandika huku akibeba mzigo hadi mahali pa kuutua.

Maana ya maneno

Shajara, au diari, ni daftari la kuandikia matukio na mawazo ya kila siku. Kuachilia ni kulegeza mkono ulioshika kitu. Neno hilo hutumika pia kwa maana ya kusamehe. Si sawa na kusahau: aliyesahau hana tena habari ya jambo, lakini aliyeachilia analikumbuka bila kuburutwa nalo.

Kiswahili kina maneno mengine ya jambo hili, na mengi yanatokana na kazi ya kubeba. Husemwa mtu ametua mzigo, au amebwaga. Jina la mji wa Bagamoyo kwa kawaida huelezwa kuwa linatokana na "bwaga moyo". Wengine husema ni maneno ya wapagazi waliofika pwani baada ya miezi ya kutembea, wakaweza kupumzika. Wengine husema ni ya watumwa waliojua kwamba wakivuka bahari hawatarudi, hivyo mioyo yao waiache hapo. Maelezo hayo mawili yanaonyesha pande mbili za kuachilia. Kuna kutua kwa hiari mzigo uliofika mwisho wa safari, na kuna kunyang'anywa. Anayeandika shajara ili aachilie inafaa ajiulize kwanza ni lipi kati ya hayo limempata, kwa sababu aliyenyang'anywa hana deni la kuharakisha amani.

Utafiti

Mwaka 1986 wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha jaribio lililoanzisha utafiti wa jambo hili. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Baadhi yao walipewa mada za kawaida, wengine waliambiwa waandike kuhusu jambo lililowaumiza maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara baada ya kuandika. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wale wa mada za kawaida.

Tangu hapo jaribio hilo limerudiwa mara nyingi. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya matokeo ya tafiti 146 na kuona kwamba faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Wanaodai kwamba daftari litamponya kila mtu wanatia chumvi.

Kwa nini kuandika kusaidie hata kidogo? Jibu moja ni mpangilio. Jambo lililo kichwani huzunguka bila mwanzo wala mwisho, lakini sentensi inataka mtendaji, kitendo na wakati. Pennebaker na wenzake walipochunguza maneno ya waandishi waliona kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao maandishi yao yalibadilika siku hadi siku, wakizidi kutumia maneno ya sababu na ya kuelewa, kama "kwa sababu" na "nimegundua". Aliyeandika siku ya nne yale yale ya siku ya kwanza hakupata mengi.

Njia ya misafara na daftari

Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Eneo la Tabora liliitwa Unyanyembe, na wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliujua mji kwa jina la Kazeh. Huko misafara ilipumzika, ikagawanyika, ikaajiri wapagazi wapya. Wapagazi Wanyamwezi walisifika njiani kote. Kila mmoja alibeba takriban kilo 30 za vitambaa, shanga au pembe za ndovu.

Kwa sababu ya kungoja huko, Tabora ilikuwa pia mahali pa kuandika. Msafara uliokwama kwa vita, ugonjwa au kukosa watu uliweza kukaa miezi, na mwenye daftari alikuwa na muda wa kulijaza. Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, bado kuna tembe ambalo leo ni makumbusho. Humo alikaa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, mwaka 1872.

Shajara ya Unyanyembe

Livingstone aliandika bila kuchoka. Alipokosa karatasi mjini Nyangwe, kando ya mto Lualaba katika Kongo ya leo, aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za mmea. Ndivyo alivyoandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wa wafanyabiashara wa misafara waliufyatulia risasi umati uliokuwa sokoni. Wengi waliokuwepo walikuwa wanawake, na mamia walipigwa risasi au kuzama mtoni. Tukio hilo lilimvunja. Aliondoka Nyangwe akarudi Ujiji, ambako Henry Morton Stanley alimkuta katika Novemba mwaka huohuo.

Baadaye alinakili maandishi ya safarini katika daftari kubwa, ambalo wataalamu huliita Shajara ya Unyanyembe. Wino wa maandishi ya kwanza ulififia hata hayakuweza kusomeka, mpaka mwaka 2011, timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilipoyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali. Ikaonekana kwamba habari za Nyangwe katika daftari kubwa hazikuwa sawa kabisa na zile za kwanza, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Wanahistoria wanajadili sababu. Kwa mada yetu inatosha kuona kwamba kuandika mara ya pili si kunakili tu. Mwandishi huchagua atabaki na nini na ataacha nini, na anachokiacha si lazima kiwe kimetoka moyoni. Huenda kimefichwa tu.

Livingstone na Stanley walifika Kwihara pamoja Februari 1872. Stanley alimsihi arudi nyumbani. Alikuwa mgonjwa, amezeeka kabla ya wakati, na watoto wake walikuwa hawajamwona kwa miaka. Livingstone alikataa, kwa kuwa alitaka kumaliza swali la chanzo cha mto Naili. Katika shajara yake aliandika kwa fahari maneno ya binti yake Agnes, kwamba afadhali baba amalize kazi kwa kuridhika kuliko kurudi ili kumfurahisha yeye tu. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka. Livingstone alikuwa amelifunga daftari kubwa kwa lakiri, akamkabidhi alipeleke kwa Agnes.

Kisha akabaki Kwihara akingoja wapagazi kutoka pwani kwa miezi 5. Siku 5 baada ya kuagana na Stanley ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na aliandika sala ya kujitoa upya kwa kazi yake. Maandishi ya miezi hiyo yanarudi tena na tena kwenye chemchemi za Naili zilizotajwa na Herodotus, Mgiriki wa kale, na kwenye swali la Lualaba unakwenda wapi. Mei 1872 alikiri katika shajara kwamba suala hilo limemweka katika mashaka yasiyokwisha. Aliogopa kwamba huenda Lualaba ni Kongo, si Naili. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli: mwaka 1877 Stanley aliufuata mto huo mpaka karibu na Bahari ya Atlantiki.

Yaani shaka ilikuwa imeandikwa wazi, kwa mkono wake mwenyewe, mwaka mmoja kabla hajafa. Shajara ilimwonyesha mlango. Agosti 1872 watu wakafika, na tarehe 25 ya mwezi huo aliondoka kuelekea kusini, kuzitafuta chemchemi zile zile. Aliendelea kuandika mpaka tarehe 27 Aprili 1873, mistari michache tu, na alifariki mwanzoni mwa Mei katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo.

Si haki kumhukumu kwa kipimo cha leo. Aliamini kwamba akiupata mto huo sauti yake dhidi ya biashara ya watumwa itasikika zaidi. Ila maandishi yake ni ushahidi kwamba mtu anaweza kuandika maelfu ya kurasa kwa unyofu na bado akashikilia.

Shajara ya Jacob Wainwright

Miongoni mwa watu waliofika Kwihara Agosti 1872 alikuwemo kijana Myao aliyeitwa Jacob Wainwright. Utotoni alitekwa kuwa mtumwa, akaokolewa na meli ya Waingereza, akasomeshwa India katika shule ya wamisionari karibu na Nashik. Alijua kusoma na kuandika Kiingereza. Livingstone alipofariki, viongozi wa msafara, Abdullah Susi na James Chuma, waliamua pamoja na wenzao kuurudisha mwili kwao Uingereza kupitia pwani.

Kazi ya kwanza aliyopewa Wainwright ilikuwa ya karani. Masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya watu wote, naye akaandika orodha ya kila kilichokuwemo. Moyo na viungo vya ndani vilizikwa chini ya mti wa mpundu, Wainwright akasoma sala za maziko, kisha akachonga jina la marehemu, tarehe na majina ya wenzake kwenye gome. Mwombolezaji wa kijiji alikuja akiwa na njuga miguuni, akaimba na kucheza. Mwili ulikaushwa kwa chumvi na jua, ukaviringishwa kwa kitambaa na gome la mti.

Wainwright aliandika shajara ya safari iliyofuata. Inaanza Mei 1873, siku zile za msiba, na kuishia Februari 1874, mzigo ulipofika pwani. Ni ushahidi wa nadra wa Mwafrika aliyekuwa ndani ya msafara huo, ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Si maandishi ya kujitibu, na neno hilo asingelitambua. Aliandika kama mtu aliyekabidhiwa jambo na ambaye ataulizwa.

Mtihani mkubwa ulikuwa Tabora. Msafara ulipofika Unyanyembe Oktoba 1873 uliwakuta Waingereza waliotumwa kumsaidia Livingstone, wakiongozwa na Verney Lovett Cameron. Cameron alishauri mwili uzikwe pale pale, kwa sababu njia ya mbele ilikuwa ya hatari na watu wengi hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Ushauri wake ulikuwa wa busara. Wenye mzigo walikataa. Huko Kasekera, walipozuiwa kupita, walitengeneza mzigo wa bandia wa vijiti na kuurudisha Unyanyembe kana kwamba ndio maiti iliyokwenda kuzikwa. Maiti yenyewe ikafungwa upya ifanane na robota la vitambaa. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Hapo waliutua. Meli ya Kiingereza iliuchukua mwili hadi Unguja, na kati ya watu wa msafara ni Wainwright aliyesafiri nao hadi Uingereza. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa walioshika jeneza katika Westminster Abbey, London. Susi na Chuma walikwenda Uingereza baadaye mwaka huo. Wao hawakuwa na shajara, lakini walimsimulia mhariri Horace Waller yale waliyoyakumbuka, naye akayaingiza katika kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone. Masimulizi yao yalifanya kazi ile ile ya daftari: kulitoa jambo kichwani na kuliweka mahali ambapo mwingine anaweza kulishika.

Tofauti ya shajara hizi mbili si kwamba mmoja alikuwa na moyo na mwingine hana. Mzigo wa Wainwright ulikuwa na mwisho unaojulikana, na shajara yake ilihesabu hatua za kuufikia. Wa Livingstone haukuwa na mwisho, kwa hiyo kila ukurasa ulifungua mwingine.

Shajara inapokwamisha

Tofauti hiyo imeonekana pia katika utafiti wa karibuni. Mwaka 2013 David Sbarra na wenzake, Marekani, walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu 90 waliotengana na wenzi wao wa ndoa muda mfupi uliopita. Kwa watu waliokuwa wakihangaika sana kutafuta maana ya kilichotokea, kuandika hisia kulichelewesha kupona. Watu wa namna hiyo walioandika tu shughuli zao za siku, bila hisia, walikuwa katika hali nzuri zaidi baada ya miezi kadhaa. Kuhusu wafiwa, tafiti za Margaret Stroebe na wenzake, Uholanzi, zilizochapishwa mwaka 2002, hazikuona kwamba kuandika hisia kunaharakisha kupona.

Tabia ya kurudia jambo lile lile bila kusonga mbele inaweza kuitwa kucheua. Ng'ombe akicheua hushiba, binadamu hapati kitu. Dalili zake katika daftari ni rahisi kuziona: swali moja limeandikwa wiki baada ya wiki kwa maneno yale yale, lawama ni zile zile, na hakuna tarehe, jina wala kitendo kipya. Mtu anayeiona dalili hii afadhali aache kuandika hisia kwa muda, aandike mambo aliyoyafanya. Anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, anayeshindwa kazi zake za kawaida au anayefikiria kujidhuru asitegemee daftari. Amwendee mganga wa hospitali au mshauri, na amwambie mtu wa karibu.

Namna ya kuandika

Hakuna kanuni moja, lakini mambo machache yana msingi katika yaliyoelezwa hapo juu. Muda uwe mfupi na uwe na kikomo: dakika 15 au 20, siku 3 au 4, kisha kupumzika. Jamii zetu zimejua kwa muda mrefu kwamba huzuni inahitaji tarehe. Matanga huondolewa, arobaini husomwa, eda huisha baada ya miezi 4 na siku 10. Siku hizo hazimalizi uchungu, ila zinampa mfiwa ruhusa ya kurudi kazini na sokoni bila kuonekana amemsaliti marehemu. Daftari lisilo na siku ya mwisho linakosa msaada huo.

Kuanza kwa orodha husaidia, kama Wainwright alivyofanya masanduku yalipofunguliwa. Aliyefiwa na mama anaweza kuorodhesha alivyoviacha: khanga ngapi, deni gani dukani, shamba lipi, neno gani alilopenda kusema, ahadi gani haikutimizwa. Orodha haimlazimishi mtu kuwa na hisia fulani. Hutenganisha pia vile vya kubaki navyo, vya kugawa na vya kuzika, na mara nyingi mtu hugundua kwamba anachotakiwa kuachilia ni kimoja tu kati ya vingi. Moyo wa Livingstone ulibaki Chitambo, mwili ukaendelea.

Wengine husaidiwa na kujiandika kwa jina, kana kwamba wanaandika habari za mtu mwingine. Majaribio ya Ethan Kross na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba mtu anayejizungumzia kwa jina lake badala ya "mimi" hudhibiti hisia zake kwa urahisi zaidi. Lugha nayo ina uzito. Mnyamwezi aliyeaga baba yake kwa Kinyamwezi huenda akaona Kiswahili ni kikavu mno kwa jambo hilo, au akakipenda kwa ukavu huohuo, kwa kuwa kinampa nafasi ya kusimama mbali kidogo. Asiyependa kuandika anaweza kujirekodi kwa simu.

Daftari likijaa

Faragha si jambo dogo katika nyumba yenye watu wengi, na hofu ya kusomwa humfanya mtu aandike uongo. Kuna wanaochana au kuchoma. Mwaka 2013 Pablo Briñol na wenzake, Hispania na Marekani, walionyesha kwamba watu walioandika wazo kwenye karatasi na kuitupa hawakuathiriwa sana na wazo hilo baadaye, ilhali walioitunza mfukoni waliathiriwa zaidi. Kuna wanaofunga daftari na kumpa ndugu mwaminifu alihifadhi bila kulifungua. Na kuna maandishi ambayo si ya kuchoma, hasa yanapokuwa ushahidi wa ukatili au wa mali: habari za Nyangwe zilipofika Uingereza ziliongeza nguvu ya madai yaliyomfanya Sultani Barghash wa Zanzibar atie saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, Juni 1873.

Tafsiri ya Kijerumani ya shajara ya Wainwright ilichapishwa mwaka 1874. Picha za maandishi yake na za Shajara ya Unyanyembe zinapatikana sasa kwenye intaneti. Wainwright mwenyewe alirudi Afrika Mashariki, akafanya kazi na wamisionari katika sehemu mbalimbali, na alifariki mwaka 1892 huko Urambo, magharibi ya Tabora, kwenye njia ileile.